Ripoti inasema WhatsApp haileti mteja hata mmoja, niiamini?

Shikamoo Shangazi,

Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya utalii hapa Dar es Salaam. Tunauza safari fupi za sikukuu na mwisho wa wiki: Mikumi kwa treni ya SGR hadi Morogoro kisha gari, Bagamoyo kwa basi, Zanzibar kwa boti. Wateja wetu ni wafanyakazi wa mjini, vikundi vya kinamama na maofisi yanayotaka kuwatoa watu wao. Kazi yangu ni matangazo ya mtandaoni na ripoti ya kila mwezi inayotoka Google Analytics, ile programu inayohesabu wanaoingia kwenye tovuti yetu na walikotokea.

Hiyo ripoti ndiyo imeniletea balaa. Juzi kikaoni bosi aliifungua mbele ya watu wote akauliza: hela ya matangazo ya Sabasaba imeleta watu kutoka wapi? Nikatafuta Sabasaba kwenye orodha ya kampeni. Zikatoka nne. Kuna "SabaSaba", kuna "sabasaba", kuna "saba saba 2025", na nyingine imeandikwa "77". Zote ni kampeni ile ile. Facebook nayo hivyo hivyo: Facebook, facebook, FB, fb-ads, na moja "Face book" ambayo mpaka leo hakuna aliyejitokeza kusema ni yake. Pembeni kuna fungu limeandikwa Direct na jingine Unassigned, na hayo mawili ndiyo yamebeba watu wengi kuliko yote.

Bosi hakuhangaika na majina. Aliteremka chini akiitafuta WhatsApp, hakuiona. Akasema, "Kwa hiyo huyu kijana tunamlipa kwa kazi gani?"

Kijana mwenyewe ndiye anayeshughulikia WhatsApp: statasi, magurupu, kujibu wateja mpaka usiku. Tunakaa naye meza moja na naona simu yake haipumziki. Lakini nilipoambiwa nitoe ushahidi sikuwa nao. Bosi amesema mkataba wake ukiisha mwisho wa mwezi hatauongeza, na hela hiyo itaenda kusponsa posti za Instagram.

Linki zetu kila mtu anatengeneza yake. Mimi naweka zile utm, lebo za mwisho wa linki zinazosema mtu katokea wapi, nikiwa na nafasi. Wakala anayetufanyia matangazo ya Facebook ana mtindo wake. Dada wa mapokezi anawatumia wateja wa zamani barua pepe, anakopi anuani ya tovuti na kuipesti kama ilivyo. Kijana wa WhatsApp hajawahi kuambiwa kwamba kuna kitu cha kuongeza.

Naomba unisaidie mambo matatu. Tuandike vipi linki ili ripoti isomeke? Ripoti za nyuma zinaokoleka? Na la mwisho, bosi ana wazo lake: kila mteja wa zamani atumiwe linki yenye namba yake ya simu ndani, ili tumjue kwa jina aliyebonyeza. Moyo wangu unakataa ila hoja sina.

Nimechoka na Ripoti,
Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu.

Tuanze na kijana, maana mkataba wake una tarehe na mengine yanaweza kusubiri. Linki isiyo na lebo ikibonyezwa ndani ya WhatsApp, tovuti hufunguka bila kuambiwa mtu ametokea wapi. Google Analytics isipojua mtu katoka wapi humtupa Direct. Humo humo ndimo wanamoingia walioandika anuani kwa mkono, walioihifadhi kwenye simu, waliobonyeza linki kwenye faili la PDF la bei zenu. Wengi wa wale wa barua pepe za dada wa mapokezi wamo pia. Kazi ya kijana, iwe kubwa au ndogo, imo ndani ya fungu hilo, imechanganyika na ya wengine.

Mwambie bosi hivyo, na uishie hapo. Usimwambie kwamba Direct yote ni WhatsApp, kwa sababu hilo nalo hulijui, na siku akikubana utoe hesabu utakuwa umempotezea kijana nafasi yake ya mwisho. Unachoomba ni mkataba usogezwe kwa msimu mmoja, linki za WhatsApp ziwekwe lebo, kisha zihesabiwe kama za wengine. Bosi akikataa kusubiri, kuna ushahidi usiopita Google kabisa. Chukua orodha ya waliolipa Sabasaba kwa M-Pesa, kwa benki, kwa njia yoyote, uilinganishe na mazungumzo yaliyomo kwenye simu ya kampuni. Namba ya aliyelipa ikikutwa kwenye mazungumzo ya siku chache kabla ya malipo, huyo kapitia kwa kijana. Ni kazi ya mkono, inachosha, lakini ifanye kabla ya kikao kijacho. Mtu kufutwa kazi kwa sababu ya safu tupu kwenye ripoti ambayo hakuna aliyeijaza, mimi siwezi kulimeza.

Sasa tuje kwenye majina. Muuza duka akimwandika mteja mmoja Mama Asha Jumatatu, Bi Asha Jumatano, na "yule wa nyumba ya bluu" Ijumaa, mwisho wa mwezi daftari litakuwa na madeni madogo matatu na hakuna deni kubwa la kudai. Facebook yenu imefanywa hivyo hivyo. Google Analytics husoma ulichoandika herufi kwa herufi: Facebook yenye F kubwa ni mstari mmoja, facebook yenye f ndogo ni mstari mwingine, na haitakuuliza kama ni ndugu.

Lebo tatu ndizo za lazima, na zisitenganishwe: utm_source, utm_medium na utm_campaign. Ya kwanza inataja mahali mtu alipotokea, ya pili aina ya njia iliyomleta, ya tatu sababu ya kumwita. Lebo hizi ni za siku nyingi. Zilianzia kwenye programu iliyoitwa Urchin, ambayo kampuni yake ilinunuliwa na Google mwaka 2005, na leo hata programu nyingine za takwimu kama Matomo zinazisoma. Kwa hiyo mkijipanga sasa, hata mkihama Google kesho, mpangilio mnaondoka nao.

Kwenye source na campaign mna uhuru wa kuchagua maneno yenu, mradi mtandao unaojulikana kama Facebook uitwe kwa jina lake. Kwenye medium hamna, na hapa ndipo nataka utulie, maana watu wengi hawajui kwamba Google ina kanuni zake za kugawa watu kwenye mafungu na kanuni hizo zinaitazama sana medium. Umeandika email? Mtu anaingia fungu la Email. Umeandika "jarida" au "wateja-wa-zamani", na source ni jina mlilobuni wenyewe? Anaangukia Unassigned, kwa sababu hakuna kanuni inayoyajua maneno hayo. Nina shaka wakazi wengi wa Unassigned yenu wameingilia mlango huo.

Kuna kosa baya zaidi ya hilo kwa sababu halionekani. Tangazo la Facebook mlilolilipia likiandikwa source facebook na medium "tangazo", Google inaona jina la mtandao wa kijamii, haioni neno la malipo inalolijua, basi inamweka mtu huyo Organic Social, pamoja na waliokuja kwa posti za bure. Yaani bosi analipa, halafu ripoti inampa sifa posti ambayo haikumgharimu shilingi. Medium ya matangazo ya kulipia kwenye mitandao ya kijamii iwe paid_social, basi. Chochote kinachoanza na paid kinatambulika, na cpc pia, ila chagua neno moja na usilibadilishe.

Ningekuwa mimi, orodha yenu ya medium ingekuwa na maneno machache tu. Posti za bure za mitandao yote, WhatsApp ikiwemo: social. Za kulipia: paid_social. Barua pepe: email. Ujumbe mfupi wa simu: sms. Madalali na mahoteli wanaowaletea watu kwa kamisheni: affiliate. Mabango na vipeperushi vyenye msimbo wa QR: qr. Hilo la mwisho Google hailijui na itawaweka Unassigned, lakini dawa yake ipo, nitaifikia. Orodha ikizidi maneno kumi, jua kuna mtu ameanza kutunga mashairi.

Jina la kampeni lianze na mwaka, kisha tukio, kisha safari, kwa herufi ndogo na kistari cha chini katikati: 2025_sabasaba_mikumi. Mwaka ukitangulia, orodha inajipanga yenyewe na Sabasaba ya mwaka huu haichanganyiki na ya mwakani. Nafasi tupu marufuku, hugeuka %20 kwenye linki na kuharibu hata sura yake. Lebo ya nne, utm_content, ni ya kutofautisha vitu vilivyo ndani ya kampeni moja: statasi na gurupu, video na picha, bango la Kariakoo na bango la Mwenge. Linki ya kijana ya Sabasaba ingekuwa hivi:

tovutiyenu.co.tz/mikumi?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=2025_sabasaba_mikumi&utm_content=statasi

Ndiyo, ni ndefu na inatisha. Ifupishe kwa kifupisha linki chochote kabla ya kuituma. Lebo hubaki ndani. Alama ya kuuliza inakuwa moja tu. Kama anuani ya ukurasa ilikuwa nayo tayari, endelea na &. Na kama mwishoni kuna alama ya reli, #, lebo zote zikae kabla yake, zikikaa baada hazisomwi.

Haya yote yanaandikika kwenye ukurasa mmoja, na kampuni nyingi zinao ukurasa huo, umelala kwenye faili fulani. Kinachowashinda ni kwamba watu wanne wanaendelea kutengeneza linki. Kwenu atengeneze mmoja, na kwa kuwa ripoti ni yako, mmoja huyo ni wewe. Fungua faili la Excel au Google Sheets, kila lebo na safu yake, source na medium ziwe za kuchagua kwenye orodha iliyofungwa, siyo kuandika. Fomula iziunganishe na kuzigeuza zote herufi ndogo. Dada wa mapokezi na kijana wa WhatsApp hawana haja ya kujua utm ni mnyama gani: wanafungua faili, wanakopi linki iliyo tayari, wanatuma. Ukiwafundisha kanuni watazisahau kwa haki kabisa, wana kazi zao.

Wakala ni suala jingine, yeye mnamlipa. Mwandikie kwamba kuanzia sasa linki za matangazo zinatoka kwenu, na tangazo lisilo na lebo zenu halijakamilika. Atakuambia Facebook inaweza kujaza lebo yenyewe kwa kuchukua jina la kampeni lililomo kwenye akaunti ya matangazo. Ni kweli inaweza. Lakini majina hayo kayaandika yeye, na nadhani ile "77" unajua ilikotoka. Mruhusu kwenye utm_content tu, ambako kujua ni picha ipi iliyobonyezwa kunawasaidia wote wawili. Mkianza kutangaza Google Ads, iacheni ijiwekee alama zake yenyewe, mkishaunganisha akaunti zake na Analytics zinaelewana bila lebo zenu.

Kabla linki haijatoka, ibonyeze mwenyewe kwenye simu. Tazama juu kama lebo bado zipo baada ya ukurasa kufunguka, kwa sababu tovuti nyingine huzikata zinapomhamisha mtu kutoka anuani moja kwenda nyingine. Kisha tazama ripoti ya Realtime, inayoonyesha walio kwenye tovuti wakati huo huo, kama umeonekana kwa jina uliloandika. Ni jambo la dakika chache, na ni bora kuliko kugundua bango limeshachapwa. Na msiweke lebo kwenye linki za ndani ya tovuti, mfano kutoka ukurasa wa mwanzo kwenda ukurasa wa kulipia. Mtu aliyeletwa na WhatsApp akibonyeza linki ya namna hiyo, asili yake inaandikwa upya na WhatsApp inanyang'anywa mteja wake. Kama mnalipwa mtandaoni kwa kupitia ukurasa wa kampuni nyingine, nao huiba hivyo hivyo: mteja akirudi kutoka kulipa huhesabiwa kama katumwa na kampuni ya malipo. Kwenye mipangilio ya Analytics kuna orodha ya tovuti zisizohesabiwa kama chanzo, ingiza anuani yao humo.

Sasa kuna jambo ambalo hukuliuliza, nalo kwa biashara kama yenu ni zito kuliko herufi kubwa na ndogo. Lebo zinafanya kazi mpaka kwenye tovuti. Mteja wenu, namjua, akishaona bei ya Mikumi hajazi fomu. Anabonyeza kile kitufe cha kijani cha WhatsApp ili aulize kama mtoto wa miaka minne analipiwa. Pale anapotoka kwenye tovuti, nyuzi zote zinakatika, na kuweka utm kwenye linki ya wa.me, ile ya kitufe inayofungua mazungumzo ya WhatsApp, hakusaidii chochote. Kinachosaidia ni ile sehemu ya text kwenye linki hiyo, inayomwandikia mteja ujumbe kabla hajautuma. Kila kurasa ya safari iwe na ujumbe wake: "Habari, naulizia Mikumi Sabasaba, MK7." Hiyo MK7 kijana anaiandika kwenye orodha yake ya oda karibu na jina na malipo. Mwombe na fundi wa tovuti ahesabu kila kubonyezwa kwa kitufe hicho kama tukio muhimu kwenye Analytics. Hapo mtaona Instagram imeleta watu wangapi mpaka kwenye kitufe, na kijana ataonyesha wangapi kati ya waliofika kwake walilipa. Sitashangaa ukikuta kwamba hata wateja wa Instagram mwisho wao wanamalizana na yeye.

Usitegemee ripoti safi kabisa, lakini. Watu wetu wanatumiana linki. Mama mmoja ataona tangazo Facebook, atalikopi na lebo zake zote, atalirusha kwenye gurupu la ukoo, na wajomba wote watahesabiwa kuwa wametoka Facebook. Hakuna wa kulizuia hilo. Mweleze bosi mapema ili asije akaliona mwenyewe akadhani mmemficha.

Za nyuma. Kilichokwisha kurekodiwa hakiandikwi upya, "Face book" itabaki kule kama ilivyo. Lakini unaweza kuzipakua takwimu za Sabasaba kwenye Excel, ukaweka safu mpya ya jina sahihi pembeni ya kila jina la ovyo, ukajumlisha kwa safu hiyo. Zile kampeni nne zitakuwa moja. Ndani ya Analytics yenyewe unaweza kutengeneza mgawanyo wenu wa chaneli, yaani yale mafungu: useme kila chenye fb au Face book na medium ya aina fulani kihesabiwe Facebook ya kulipia, na kila chenye qr kihesabiwe Mabango. Mgawanyo huo hufanya kazi hata kwa takwimu zilizopita, ndiyo dawa niliyoiahidi. Direct tu ndiyo haina dawa. Asiyeandikwa lebo siku ile haandikiki leo.

Wazo la namba za simu: moyo wako uko sahihi, na hoja ninazo. Masharti ya Google Analytics yanakataza kupeleka humo kitu kinachomtambulisha mtu, na namba ya simu ni kitu hicho. Nchini pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na namba ya mteja ni taarifa binafsi ambayo hakuwapa ili muisambaze. Na itasambaa: mkumbuke yule mama na gurupu la ukoo, safari hii akirusha linki iliyobeba namba yake. Programu nyingi za kutuma barua pepe kwa wingi huonyesha zenyewe nani kabonyeza, ndani ya akaunti yenu, bila namba wala jina kupita kwenye anuani ya tovuti, kwa hiyo dada wa mapokezi ahamie huko aache kutuma kwa mkono. Kwa wanaotumiwa WhatsApp, utm_content=wateja_wa_zamani inatosha. Mtajua kundi hilo limeitikia kwa wingi gani, na anayetaka kusafiri atajitaja mwenyewe akija kuuliza bei.

Shangazi